Gurudumu la Nyuma, Kulia

Komora, mtoto wa mjomba wangu,

Leo salamu zangu hazina mzaha, na najua utashangaa. Tangu tuote meno hatujawahi kusalimiana bila kutukanana. Ukiniona ungesema, "Bado hujafa weye?" Nami ningejibu, "Nakungojea utangulie, nirithi mtumbwi." Basi umetangulia. Huu ni mwezi wa tatu tangu tukuzike kule Kau, na mimi nimekaa ndani ya lori kando ya kivuko cha Garsen, karatasi iko juu ya usukani, nakuandikia barua ambayo huwezi kuisoma. Naona haya kuianza. Nimeahirisha mara nyingi, kila mara nikijiambia kwamba penseli ni butu.

Wewe haya yote unayajua, lakini kuna wengine ninaotaka waisome, kwa hiyo nivumilie nikieleza. Baba yako na mama yangu ni tumbo moja. Kwetu sisi, watoto wa mtu na watoto wa dada yake ni watani. Mtani anaweza kukuita mwizi mbele ya wakwe zako, nawe huna ruhusa ya kununa. Unachoweza kufanya ni kumrudishia kali zaidi. Wewe ulikuwa hodari wa kurudisha. Mimi nilikuwa hodari wa kuanza.

Unakumbuka nilivyorudi kutoka Mombasa na leseni yangu mfukoni? Nilikuwa nimekaa gereji miaka minne, nikarudi Garsen nimevaa ovaroli siku ya Jumapili, kanisani, ili watu waone. Tajiri mmoja wa maduka akanipa lori lake nipeleke mizigo Witu. Wewe wakati ule ulikuwa nyapara wa wavutaji kamba wa feri. Watu wanane chini yako, kofia ya kitambaa kichwani, na sauti iliyosikika ng'ambo. Nilikuonea wivu kidogo. Sikuwahi kukwambia.

Feri yetu ilikuwa na mlango mmoja tu. Ukiingia kwa mbele, ng'ambo ungelazimika kupanda ukingo kinyumenyume, na ukingo ule ni mkali. Kwa hiyo sisi madereva wa malori tuliingia kwa kurudi nyuma, tukateremka polepole mpaka kwenye mbao, na wewe ukisimama kule nyuma ukipunga mkono: njoo, njoo, njoo, simama. Nikisimama tu, unasukuma gogo nyuma ya tairi. Hapo ndipo pahali pekee safari nzima nilipotumia rivasi. Barabara ya Witu haina sababu ya kurudi nyuma. Ndiyo maana lori lilipoanza kulia likirudi nyuma, wa kwanza kusikia hakuwa mimi. Ni wewe.

"Gari lako linakohoa matakoni," ulinambia.

"Linakucheka," nikajibu.

Lakini siku ya tatu nililisikia hata mimi. Kwa-kwa-kwa, taratibu, halafu kishindo kimoja kizito, kama mtu ameangusha kinu. Nikienda mbele, kimya. Nikirudi nyuma, kwa-kwa-kwa, kishindo. Nikawaambia watu kwa kujiamini kwamba ni giaboksi, meno ya rivasi yameisha. Fundi wa Mombasa akisema giaboksi, nani wa kumbishia? Nikabadilisha oili. Likalia. Nikapaka grisi krosi za propela, ule mhimili unaozungusha magurudumu. Likalia. Nikakata tairi kuukuu vipande vipande, nikavifunga kwenye springi. Likalia vilevile, na sasa wavutaji wako walikuwa wakiliitikia kwa kuiga. Nilikasirika nao kweli, nikawaita majina ambayo hayakuwa ya utani.

Ndipo asubuhi ile ukaja na kasia lako.

Nataka wasomaji walijue kasia lile. Ulilichonga mwenyewe, refu kuliko mwenzake, mpini umelainika kwa mikono. Mto ukiwa umejaa tope na kiboko haonekani, ulikuwa ukilizamisha bapa lake majini, ukauweka mwisho wa mpini nyuma ya sikio, ukafumba macho. Kisha ungesema, "Wako wawili, kule kwenye matete," nasi tungepita upande wa pili. Tangu ujana wetu sikuwahi kukuona ukikosea.

Ulinipeleka kwenye mchanga tambarare nyuma ya kibanda cha feri. Ukanambia nirudi nyuma bila kukanyaga breki. Ukatembea kandokando umeinama, bapa la kasia limegusa chuma nyuma ya gurudumu, mpini sikioni. Nikarudi. Kimya. Ukanambia nirudi tena, safari hii nikanyage breki kidogo kidogo. Kwa-kwa-kwa, kishindo. Ukahamia upande wa kushoto, tukarudia. Watu walikuwa wamejaa wanatutazama, akina mama na ndoo zao, na Waorma wawili waliokuwa wakingoja kuvusha ng'ombe. Nikatoa kichwa dirishani nikapiga kelele: "Umempata kiboko? Ni dume au jike?"

Walicheka mpaka mmoja akamwaga maji yake. Wewe pia ulicheka. Halafu ukaja dirishani ukasema kwa sauti ya chini, sauti ambayo hukuwa ukiitumia katika utani:

"Sikiliza, binamu. Si rivasi inayolia. Ni breki. Gurudumu la nyuma, kulia, ndani. Ukienda mbele kile kitu kinakaa mahali pake. Ukirudi nyuma ukikanyaga breki kinahama, kinagonga. Siku moja kitahama kisirudi. Lifungue."

Nilijua unasema kweli. Nasema hapa waziwazi, maana kwa miaka mitano nimejidanganya kwamba sikujua. Fundi yeyote akipewa dalili zile angefungua gurudumu siku hiyohiyo. Ndani ya gurudumu mna viatu vya breki, vile vipande viwili vya chuma vinavyobana, na kila kimoja kinashikiliwa na pini. Pini ikilegea, kiatu kinachezacheza. Lakini aliyenieleza hakuwa fundi. Alikuwa mvuta kamba mwenye kasia, mtani wangu, mbele ya nusu ya Garsen. Kama ningefungua na kukuta ni kweli, ningechekwa mpaka Witu. Sikufungua kwa sababu aliyesema ni wewe. Hakuna sababu nyingine.

Nikakujibu, "Weye endelea na viboko wako." Ukachukua kasia ukaenda zako.

Siku nne baadaye nilifika kivukoni na magunia ya sukari, lori limejaa pomoni. Nikaanza kurudi. Kwa-kwa-kwa. Nikafika kwenye mbao, ukasema simama, nikakanyaga. Kishindo kikaja, halafu mguu wangu ukaenda chini kama nimekanyaga uji. Lori halikusimama. Lilipanda juu ya gogo, likalivunja, likang'oa uzio wa nyuma wa feri, na magurudumu ya nyuma yakatumbukia mtoni. Pua ikaelekea mbinguni. Magunia yakateleza moja baada ya jingine, na mimi nikiwa nimeshikilia usukani naangalia mawingu. Hakuna aliyeumia, kwa kuwa ulikuwa umewafukuza watu wote kutoka nyuma kabla sijaanza kurudi. Hilo nalo sikuliwaza siku ile. Nimeliwaza baadaye.

Sukari yote ilikwenda. Watu wakasema mamba leo wanakunywa chai. Nami nilicheka nao.

Bwana wa barabara, yule Mzungu wa serikali, alikuja keshoye, na karani wake akaja na kitabu. Alikaa kwenye kibanda cha feri chini ya picha ya Malkia, picha mpya ambayo fremu yake ilikuwa bado inanuka varnishi. Aliuliza kwanza breki zangu zilikaguliwa lini. Nilifikiria leseni yangu, ovaroli yangu, Jumapili ile. Nikasema breki nzima, Bwana. Akauliza tena, kwa Kiswahili chake cha kuvunjavunja, "Kama breki iko zuri, kwa nini gari naanguka? Gogo iko wapi? Nani nasahau gogo?"

Wewe ulikuwa umesimama mlangoni na watu wako. Nikakuona, na ulimi wangu ukafanya ulichozoea kufanya tangu utoto. Nikakunyoshea kidole nikasema, "Muulize huyu. Alikuwa amelala, anaota mke wa pili."

Kibanda kizima kikacheka. Kila mtu mle alijua sisi ni nani kwa nani. Nawe, kwa sababu mtani hanuni, kwa sababu ungeonekana mdogo kama usingerudisha, ulisema papo hapo: "Ni kweli, Bwana. Nililala. Na niliyemwota ni dada yake huyu."

Kicheko kikazidi. Watu walishikana mabega. Mimi pia nilicheka. Na katikati ya kicheko nikamwona karani, mtu wa bara aliyekuja Garsen juzijuzi, ameinamisha kichwa anaandika. Akamnong'oneza Bwana. Bwana akaitikia kwa kichwa, akafunga kitabu.

Hapo, Komora, palikuwa na nafasi. Karani alikuwa anafunga kalamu yake. Ningeweza kusema, "Bwana, huu ni utani, sisi ni binamu, gogo lilikuwepo, limevunjika chini ya tairi." Ulinitazama. Ulikuwa bado unatabasamu, lakini macho yalikuwa yananingoja. Ulijua kwamba aliyeanza utani ndiye anayeufunga, na ulikuwa unaningoja niufunge. Nikatazama chini nikajifanya nafunga kamba ya kiatu.

Kesho yake ulifukuzwa kazi.

Watu wako walikwenda ofisini kueleza, nasikia, wakaambiwa mtu amekiri mwenyewe mbele ya kadamnasi. Hukuja kwangu. Ulipanga vitu vyako kwenye mtumbwi, mkeo akakaa mbele na sufuria, mkateremka na mto kwenda Kau kulima shamba la baba yako. Nilisimama nyuma ya duka la tajiri, nikaona mtumbwi ukipita. Sikutokeza.

Lori lilipovutwa nje ya maji nililifungua peke yangu, mlango wa banda nimeufunga. Gurudumu la nyuma, kulia. Kiatu cha breki kilikuwa kimelala upande na pini yake imekatika, kichwa chake kimeviringika mle ndani kama kokwa. Nikaweka pini mpya. Ile iliyokatika nikaitia kwenye mkebe wa tumbaku, nikauficha mkebe chini ya kiti. Nikamwambia tajiri kwamba gurudumu liko sawa, ila limeingia tope.

Nilikuja Kau mara moja tu. Unakumbuka? Ilikuwa baada ya mavuno ya mpunga. Mkeo alinipikia samaki na wali, na uliponiletea chai ulisema, "Hapa chai haina sukari. Yetu uliimwaga mtoni." Nikacheka, nikapumua, nikajiambia umesamehe au umesahau. Kisha, tukiwa tunaosha mikono, uliniuliza kwa ile sauti ya chini:

"Ile sauti uliipata?"

Nilikuwa na mkebe kwenye lori, ng'ambo ya shamba. Ningeweza kwenda kuuleta. Nikakujibu, "Ilikuwa giaboksi."

Ukasema, "Kumbe. Basi sikio langu limeanza kuzeeka." Ukaendelea kuosha mikono.

Mkeo aliniambia siku ya mazishi kwamba tangu mwaka ule hukulizamisha tena kasia majini. Ulikuwa ukipita kwenye matete ukiwauliza wengine kama kuna kiboko, wewe uliyewaambia watu wote. Alinieleza hivyo kama jambo dogo la uzee, huku akichambua mchele. Sikuweza kula siku ile wala siku iliyofuata. Nilikunyang'anya kazi, na nikakunyang'anya sikio pia, na la pili halikuwa hata na faida kwangu.

Homa ilipokuchukua waliniletea habari nikaja na lori mpaka njia ilipoishia. Wewe unajua desturi. Mtani ndiye anayewachekesha waliofiwa, na watu wakishatua majonzi kidogo wanamgeukia yeye. Siku ya tatu ya matanga wakanigeukia. "Haya, mtoto wa shangazi, mseme marehemu!" Na unajua walichotaka. Walitaka kile kisa cha sukari. Wanao wenyewe walikitaka, Komora. Bintiyo mkubwa alisema, "Tuambie baba alivyolala." Wanakijua kwa moyo. Kwa wanao, wewe ni yule mzee mcheshi aliyelala kazini akazamisha lori zima.

Nikasimama. Nilikuwa nimekwisha kuamua njiani. Nikasema, "Komora hakulala. Gogo aliliweka. Breki ndizo zilizokuwa mbovu, yeye alinambia siku nne kabla, nami nikakataa kufungua. Niliposema amelala, nilisema uongo, na nikamwacha afukuzwe."

Halafu mjomba mmoja akaanza kucheka, na wote wakafuata. Walicheka mpaka wakatoa machozi, na yale yalikuwa matanga, machozi yalikuwa karibu. "Mtani huyu! Leo anamsifu!" Wakadhani nimegeuza kisa makusudi, nimejitia mimi katika nafasi yako ili kichekeshe zaidi. Nikasema, "Nasema kweli." Wakazidi. Nikatoa mkebe nikawaonyesha pini. Mtu akaipokea, akaigeuzageuza, akasema, "Hata ushahidi ameleta!" Mkeo alikuwa ameegemea ukuta, anacheka na kujifuta macho kwa kanga, akasema, "Hata kaburini hakuachi." Nikaketi. Sijawahi kuona aibu kama ile, ya kusema kweli nikapigiwa makofi.

Jioni, kama desturi inavyoruhusu mtani kunyakua kitu cha marehemu, nilinyakua kasia lako. Wakacheka tena. Sikulirudisha. Liko hapa kando yangu, mpini wake unatokeza dirishani.

Sasa nikueleze la mwisho, maana feri inarudi na zamu yangu imekaribia. Tangu ulipofukuzwa kazi, wavutaji wana mwito wao. Lori likirudi nyuma na kufika kwenye mbao, mmoja anapiga kelele, "Amka, Komora!" na mwenziwe anasukuma gogo. Ndivyo wanavyokumbushana. Wengi wao ni wageni, wametoka Hola na kwingineko, hawajui kama Komora ni mtu. Wanadhani ni jina la gogo. Lori langu siku hizi halina kelele yoyote nyuma, nalifungua magurudumu kila mwezi. Lakini kila nikitia rivasi kivukoni naisikia hiyo sauti ya mwito, mara mbili kwa wiki, miaka mitano, na sihitaji kasia kujua inatoka wapi.

Kwa hiyo barua hii siitii kwenye bahasha. Nimeinakili mara tatu. Moja nampelekea bintiyo, ambaye anajua kusoma, pamoja na pini na kasia. Ya pili nampa karani, kwa sababu yeye si mtani wa mtu yeyote hapa, na aliandika mara ya kwanza, basi na aandike mara ya pili. Najua leseni itakwenda. Na iende. Ya tatu nitaipigilia kwenye ubao wa kibanda cha feri, mahali ambapo uso wangu hauwezi kuonekana wala sauti yangu kusikika, ili asiwepo wa kudhani ninachekesha. Utani nimeuvunja leo, mimi mwenyewe, na kama kuna adhabu yake nitaipokea.

Neno moja sikulisema matangani, maana walikuwa wanacheka mno. Lori lile lilikuwa na kioo cha pembeni, upande wangu. Siku ile mguu ulipozama nilitazama kwenye kioo. Nilikuona. Ulikuwa umepiga goti moja, mikono yote miwili juu ya gogo, unalisukuma chini ya tairi, na lori linakujia, nawe huliachi. Uliliachia gogo lilipopasuka.

Hukulala, Komora. Nilikuona.

Mtoto wa shangazi yako